Mvutano wa Nzi, Mvutano wa Kanisa

Ugonjwa wangu ulianza sikioni, lakini ulionekana miguuni. Homa ilikuja na maumivu ya sikio la kushoto, nikalazwa, nikapona, nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Nilipojaribu kuvuka uwanja kwenda kwa kuku, ardhi ikaniinamia kama sinia linalobebwa na mtu mlevi. Nilishika kamba ya kuanikia nguo, na nguo zikaanguka pamoja nami.

Daktari wa masikio alinieleza kwamba homa ilikuwa imeisha, ila ilikuwa imeumiza sehemu ya ndani ya sikio inayotunza usawa wa mwili. Akanionyesha mazoezi: kugeuza kichwa huku na huku nikitazama kidole gumba changu, kusimama miguu ikiwa imeshikana, kutembea kandokando ya ukuta. Niliyafanya kwa siku chache. Kila nikiyafanya kizunguzungu kilirudi, basi nikayaacha. Niliona dawa inayoleta ugonjwa si dawa.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, upande wa Chepilat, mahali ambapo mashamba ya chai yanaanza kuchanganyika na migomba. Baadhi ya migomba hiyo ni yangu. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka wa kaunti, upande wa Nyamira, na huko nyumba isiyo na mgomba nyuma yake huonekana kama haijamaliziwa. Niliolewa na mtu aliyefanya kazi katika mashamba makubwa ya Kericho, tukachuma chai huko miaka mingi, kisha tukapata kipande hiki chetu. Mume wangu amelala katika Bwana. Watoto wako mbali. Kanisa letu liko juu kabisa ya kilima, na njia ya kulifikia inapita katikati ya chai.

Tangu homa ile sikuwa nimefika kanisani. Mchungaji aliniletea Meza ya Bwana nyumbani, akaketi kwenye kiti cha marehemu, tukasali. Nilishukuru, na bado ninashukuru. Lakini mkate unaoula peke yako ukitazama kalenda ukutani ni tofauti na ule unaoula ukisikia jirani yako akikohoa. Nilitaka kusimama tena kanisani na wenzangu, nimefika kwa miguu yangu. Hilo tu ndilo nililokuwa nikiliomba asubuhi na jioni.

Na wakati huohuo kanisa lilikuwa na mvutano. Washiriki wengine walitaka jengo jipya chini, kando ya lami, kwa sababu wazee wanashindwa kupanda. Wengine walisema kanisa la juu lilijengwa kwa mawe yaliyobebwa migongoni, na haliwezi kuachwa liwe zizi la mbuzi. Wa upande wa chini walikuwa wamepata mfano mzuri sana, na mfano huo ulikuwa mimi. Kila mkutano niliambiwa jina langu limetajwa: tazameni mama yetu, kilima kimemfungia nyumbani. Hakuna aliyekuja kuniuliza ninaonaje. Ukiwa mfano huulizwi.

Mjukuu wangu alifika wakati wahadhiri wa chuo chake walipogoma na milango ikafungwa. Yeye ni binti wa mwanangu wa kwanza, anasomea mambo ya viumbe, na alikuwa katika mwaka wa mwisho. Alishuka barabarani amekumbatia kikapu cha chakula kama mtu aliyebeba mayai. Nilidhani ameniletea keki.

"Shosho, usifungue," alisema. "Ni nzi."

"Umetoka mjini kuniletea nzi?"

"Hawa ni wa shule. Nikiwaacha huko hakuna mtu wa kuwalisha."

Akawapanga kwenye meza yangu ya sebuleni, juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Walikuwa katika vichupa vyembamba vilivyozibwa kwa pamba, na chini ya kila kichupa kulikuwa na uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Nilivaa miwani. Walikuwa ni vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyokuja ndizi zikiiva kupita kiasi. Maisha yangu yote nimevifukuza kwa kitambaa, na sasa vilikuwa na uji wao.

"Na unatafuta nini kwao?" nilimuuliza.

"Mvutano, Shosho. Vile wanajua mvutano na vile wanaufuata."

Nilikuwa nikisonga ugali wakati huo. Nilisikia neno moja tu, nalo ni lile nililokuwa nikilisikia kila Jumapili nikisimuliwa habari za juu. Nikawaza: huko chuoni sasa wanafundisha namna ya kutatua mizozo, na hawa nzi ni mfano fulani, kama Neno linavyotumia chungu na nzige. Sikuuliza zaidi.

Siku ya ibada ya nyumbani, akina mama walipokuja kwangu, niliomba waniombee. Nikasema hivi, na nasema kama nilivyosema: "Mumkumbuke mjukuu wangu katika sala. Ametoka chuo kikuu, amekuja kuchunguza mvutano." Akina mama wakasema amina, na amina hiyo ilikuwa ndefu kidogo.

Jirani yangu hakuwapo siku hiyo. Yeye ni Mkipsigis wa mahali hapa, tunalingana kwa umri, na watoto wote humwita Kogo, yaani bibi. Mimi pia humwita hivyo. Yeye huniita Mama Ndizi. Alikuja kesho yake akiwa na maziwa.

"Mama Ndizi, huko juu wanasema kumefika mpelelezi kwako."

"Mpelelezi wa nini?"

"Sijui. Wanasema ametumwa na wakubwa wa kanisa. Wanasema ni msichana lakini ni mkali."

Tulikuwa hatujamaliza kucheka wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa ni mzee wa kanisa, yule anayeongoza upande wa chini, mtu mwema, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amevaa koti na tai siku ya kazi. Akasalimia, akakaa, akapewa chai, kisha akamgeukia mjukuu wangu aliyekuwa ameinamia vichupa vyake.

"Binti yangu, tumesikia wewe umekuja kuchunguza mvutano."

"Ndiyo, mzee," alijibu kwa heshima.

"Umetumwa na nani?"

"Na msimamizi wangu. Lakini hii kazi nilichagua mwenyewe."

"Ni vizuri. Na mpaka sasa umeona nini?"

"Wengi wanataka juu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Wengi?"

"Karibu wote. Hata ukiwaangusha chini, wanapanda tena. Hata ukiwazimia taa."

"Nani anawazimia taa?"

"Mimi."

Mzee akanitazama. Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso. Kogo alikuwa hajaelewa, alikuwa anasikiliza kama anayesikiliza habari za redio.

"Na wazee je?" mzee akauliza. "Hao umewaona?"

"Wazee nao wanapanda, lakini polepole. Wengine wanafika katikati wanateleza. Wengine wanabaki tu chini."

"Hiyo ndiyo sisi tunasema," alisema mzee, akikaa vizuri kwenye kiti. "Hiyo ndiyo tumesema tangu mwanzo. Andika hiyo."

"Halafu kuna wale nimewapaka gundi."

"Gundi."

"Kidogo tu, hapa." Akagusa paji la uso wake. "Lakini kwanza nawaweka kwa barafu, ndiyo wasisumbue."

Mzee wa kanisa alinyanyuka nusu. Sikuweza tena. Nilicheka mpaka nikashika meza kwa sababu ya kizunguzungu, na vichupa vikagongana, na nzi wote wakaanguka chini, kisha mbele ya macho yetu wakaanza kupanda.

Ilichukua muda kueleza. Mjukuu wangu alisema kwamba mvutano anaousema ni ule wa dunia, nguvu inayovuta kila kitu chini, inayofanya jani likianguka lisielee. Mzee alitikisa kichwa akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya tai. "Mimi nimekuja na tai," alisema. "Nimekuja kushtaki watu." Kisha, kwa kuwa ni mtu anayependa viumbe, alivuta kiti karibu na kuomba aonyeshwe.

Akamwonyesha. Aligonga kichupa polepole juu ya kitambaa, nzi wakaanguka chini, wakasimama, wakapanda ukutani kama wachumaji wanaporudi mstarini baada ya kupima majani. Akafunika kichupa kingine kwa boksi jeusi, akagonga, akangoja, akafunua ghafla. Hao pia walikuwa wamefika juu. Kisha akachukua kichupa cha wale wa gundi. Aligonga. Wengine walizunguka chini, wengine walipanda kidogo wakageuka, mmoja alitembea kwa bidii sana akizunguka ukuta bila kupanda wala kushuka.

"Huyo anafanana na kamati yetu," alisema mzee.

"Sasa hii gundi umeziba nini?" Kogo aliuliza. "Macho?"

"Hapana, Kogo. Wanaona vizuri. Nimeziba papasi. Hizi pembe mbili ndogo hapa mbele ya kichwa." Akatupatia kioo cha kukuzia, tukapokezana. "Papasi lina pingili. Hii ya mwisho inaning'inia kwenye ile inayotangulia, kama hereni. Nzi akiinama upande huu, hereni inavutwa chini kidogo. Ndani ya ile pingili inayoishika kuna mishipa midogo sana ya kuhisi. Inamwambia: chini ni huku. Ukitia gundi, hereni haichezi."

"Na kazi yake ni hiyo tu?" nikauliza.

"Hapana. Ni hapohapo ndipo nzi anasikia sauti. Mishipa mingine inasikia wimbo wa mwenzake, mingine inahisi upepo, mingine inahisi mvutano. Ni kama sikio."

Ninakumbuka Kogo aliweka kioo chini.

"Kwa hiyo sikio lake ndilo linamwambia chini ni wapi," nilisema.

"Ndiyo, Shosho. Na lako pia. Kwa mtu si hereni. Ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo kuliko mchanga, vimelala juu ya kitu laini. Ukiinama, vinavutwa. Lakini kazi ni moja."

"Mimi niliambiwa mawe iko kwa figo," alisema Kogo. "Hakuna mtu aliniambia kuna mawe mazuri."

Nilikuwa nimesikia maneno hayo kwa daktari, lakini nilikuwa mgonjwa na yeye alikuwa na haraka. Sasa niliyasikia nikiwa nimeketi sebuleni kwangu, na nilimtazama yule nzi wa gundi aliyekuwa akizunguka ukuta kwa bidii, nikamhurumia kama mtu wa jamaa yangu. Nilijua anavyojisikia. Ana miguu, ana macho, ana nia, ila hajui juu ni wapi.

"Hao wa gundi wanakufa hivyo?" nilimuuliza mjukuu wangu mzee alipokwisha kuondoka.

"Hawafi. Na hawabaki chini siku zote. Ukiwapa muda, kuna wale wanapanda, vibaya vibaya. Nafikiri wanatumia miguu. Miguu pia inahisi uzito." Kisha akanitazama kwa yale macho ya baba yake. "Shosho, yale mazoezi ulipewa hospitali uliacha?"

"Yananizungusha."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Kichwa lazima kizungushwe kidogo ndiyo kijifunze upya. Ukikaa bila kuzungushwa, kitajifunzia wapi?"

Basi tukaanza. Asubuhi baada ya sala nilisimama mbele ya kabati nikageuza kichwa nikitazama kidole gumba, naye akinihesabia kama mwalimu wa chekechea. Siku za kwanza nilitapika. Aliniletea chai ya tangawizi, akasema tuendelee. Aliniambia niache gambuti nene, nivae raba nyepesi, ili nyayo zisikie ardhi. Kwenda jikoni bila kushika ukuta kulirudi kwanza. Kisha uwanja. Kisha kuku. Nilifika kwa kuku nikawahesabu kwa furaha, ingawa nilijua ni wangapi.

Lakini njia ya chai ilinikataa. Kila nikiingia kati ya mistari ya chai kuanza kupanda, mwili uliniinamia upande wa chini, nikaangukia vichaka vya Kogo. Chai ni nzuri kuangukia, haina miiba, lakini mtu hawezi kufika kanisani hivyo. Nyumbani nilitembea sawasawa. Kwenye chai nilikuwa kama yule nzi. Wiki ile nilikata tamaa, nikamwambia Mungu kwamba kama ni nyumbani, basi ni nyumbani, nitaimba nikiwa hapa.

Mjukuu wangu hakukubali. Alisimama kando ya njia, akaniambia nipande hatua chache nisimame, akanipiga picha kwa simu. Akaniletea nitazame.

"Unaona nini, Shosho?"

Niliona mama mzee aliyevaa raba, ameinama kama mlingoti uliosukumwa na ng'ombe.

"Nimeinama."

"Wewe ulijisikia umeinama?"

"Hapana. Nilijisikia nimesimama wima kabisa."

Akaweka kidole kwenye picha. Chai yote ilionekana kama meza ya kijani iliyolala na mteremko. Na mimi nilikuwa nimesimama sawasawa kabisa na meza hiyo, kama mguu wake.

Hapo nikaelewa, na nilielewa kwa mikono kabla ya kichwa. Mtu aliyechuma chai anajua ule ufito. Ni fimbo nyembamba iliyonyooka. Unaitupa juu ya vichaka mbele yako, na unachuma tu lile jani lililosimama juu yake, ndiyo meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, ibaki sawa. Msimamizi akipita anatazama meza, na meza ikiwa na mashimo unaitwa. Lakini meza ya chai haiko sawa kama maji yalivyo sawa. Iko sawa na mlima. Kwa miaka yote hiyo jicho langu lilifundishwa kwamba kilichonyooka ni kile kilichonyooka na chai. Sikio lilipokuwa zima lilinisahihisha kimyakimya, wala sikujua. Sikio lilipolala, jicho likashika usukani, na jicho likasema: simama kama chai.

Nilipomweleza mjukuu wangu hayo alikaa chini njiani. Akauliza kama anaweza kumwambia msimamizi wake. Nikamwambia anaweza, lakini asimpake mtu gundi.

"Sasa nitazame nini?" nikamuuliza. "Huku kote ni chai."

Tukatazama picha tena, vichwa vyetu vimegusana. Nyuma yangu, kwenye mpaka wa shamba, kulikuwa na mikaratusi. Mteremko ule ni mkali, lakini kila mti ulikuwa umekwenda juu wima, bila kujali ardhi imelala vipi. Hakuna mti hata mmoja uliosimama kama chai. Miti nayo inajua juu ni wapi, na haina masikio. Nilisema hivyo, na mjukuu wangu akasema hiyo ni mada nyingine na ana mada moja ya kumtosha.

Tangu siku ile nilipanda nikiitazama mikaratusi. Nilichagua shina moja, nikatembea mpaka likawa pembeni, nikasimama, nikachagua lingine. Nyayo zilisikiliza ardhi, macho yakashika miti, na sikio langu la kulia, ambalo halikuugua, lilifanya lililoweza. Kila shina nilipolifikia niliomba sala fupi. Sikuanguka tena, au nilianguka mara chache, na Kogo alisema chai yake sasa inaweza kukua kwa amani.

Siku ya mkutano mkuu wa washiriki ilipotangazwa, sikumwambia mtu. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kurudi chuoni na kikapu chake, kwa sababu mgomo uliisha. Kogo peke yake ndiye aliyejua, na alikuja alfajiri amevaa kofia yake ya kusuka.

"Twende, Mama Ndizi. Ukianguka, mimi sikubebi. Mimi nitakaa hapo na wewe tu."

Tulipanda vizuri mpaka nusu ya kilima. Hapo ukungu ukashuka. Wa huku wanaujua ukungu huu, unakuja kama mtu ametandika shuka, na mikaratusi yote ikapotea. Ilibaki chai tu, ile iliyo karibu, na nikahisi mwili ukianza kuisikiliza. Niliketi chini palepale kwenye nyasi. Kogo naye akaketi.

"Turudi?" aliuliza.

"Tungoje."

Kengele ya kwanza ililia juu yetu. Baadaye tukasikia wimbo wa kuingia, tukaimba nao tukiwa tumekaa, sauti zikishuka kutoka kwenye ukungu kana kwamba hazina mtu. Kogo alitoa kiazi mfukoni tukagawana. Nilikuwa na baridi, na nilikuwa na amani ya ajabu. Nilikuwa nimengoja miezi, ningeweza kungoja ukungu. Wimbo wa mahubiri uliimbwa, ukaisha. Ndipo shina moja la mkaratusi likatokea, jeusi na lenye maji, kisha la pili, nikasema Bwana asifiwe na kuinuka.

Tulipofika mlangoni ibada ilikuwa imekwisha na mkutano umeanza. Mzee wangu wa tai alikuwa amesimama mbele akieleza kwa upole habari za wale wasioweza kupanda. Nilingoja mlangoni, maana si adabu kumkata mtu maneno. Lakini wenye kukaa nyuma waligeuka, kisha wenye kukaa katikati, na mwisho yeye mwenyewe akaniona akanyamaza na mkono bado uko juu.

Wa upande wa juu walipiga makofi kwanza. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Mzee, mfano wako umepanda." Watu wakacheka, na mzee akacheka pia, akaketi.

Niliombwa niseme neno. Nilishika mgongo wa benchi la mwisho. Ilikuwa harufu ileile, ya mbao na makoti yaliyonyeshewa.

Niliwaambia kwamba Mungu amenirudisha, na kwamba amemtumia binti mdogo na nzi wa ndizi, na nitawaeleza siku nyingine kwa sababu ni habari ndefu. Kisha nikasema: "Nimepanda. Lakini sikusikia somo, sikusikia mahubiri, na nilikula kiazi njiani wakati nyinyi mnasali. Mimi nilikuwa na mtu wa kunifundisha asubuhi na jioni. Na kule chini kuna wengine ambao hawana mtu huyo, na wengine ugonjwa wao si wa kufundishwa. Kanisa hili msiliache, nilibeba mawe yake. Lakini wale wa chini wasingoje mpaka wajue kupanda."

Upande wa juu haukupiga makofi. Upande wa chini nao haukujua kama umeshinda. Ndipo mama mmoja anayepokea majani ya chai kule barabarani akasema kwamba banda la kununulia chai huwa tupu Jumapili, lina paa, na lina mabenchi ya kukalia wakulima wakingoja lori.

Hawakupatana kuhusu jengo siku hiyo, na mpaka leo hawajapatana. Lakini ibada ya alasiri ilianza bandani Jumapili iliyofuata. Nilishuka kwenda kuiona, na kushuka, nawaambia, ni kazi kuliko kupanda, Kogo alinishika kwapani njia nzima akinilaumu kwa uzito. Tulikuta watu ambao sikuwa nimewaona tangu kabla ya homa yangu, wengine kwa miaka mingi. Mmoja aliletwa kwa bodaboda akiwa amefungwa leso kiunoni kwa dereva asianguke. Mwingine alikuwa na mkongojo na begi la mahindi, kwa sababu alitoka nyumbani akisema anakwenda posho mili, asije akakatazwa. Waliketi chini ya ndoano za mizani, kati ya wavu wa banda na lami, wakitazamana kama watu waliotoka safari.

Mzee wa tai ndiye aliyeongoza. Aliuliza nani ataanzisha wimbo, na kabla sijafungua mdomo yule wa mkongojo alikuwa amekwisha kuuanza, juu mno, na sisi wengine ikabidi tumfuate hukohuko.